Oda za PRN za dawa za akili kwenye nyumba za wazee Marekani: siku ya 14 ikifika nani anaenda kumwangalia mzee?

mzamu_usiku

Wakuu habari za saa hizi. Nafungua huu uzi kwa wote tunaofanya kazi nyumba za wazee huku Marekani, ma-CNA (wasaidizi wa manesi), LPN na RN (manesi wenyewe), na pia wale wenye mzazi au mkwe aliyelazwa humo, maana tuko wengi na hili jambo linapita mikononi mwetu kila shifti ila kulizungumza hatulizungumzi.

Naongelea oda za PRN, yani za kutolewa pale inapohitajika tu, za dawa za akili. Lorazepamu ya wasiwasi, haloperidoli (Haldol), Seroquel, trazodoni ya usingizi, zile oda zinazosema mpe akihangaika, kila baada ya saa kadhaa, basi. Dokta ameandika akiwa kwake, mara nyingine kwa simu tu, halafu saa nane usiku anayeamua kwamba sasa apewe ni nesi mmoja mwenye wazee thelathini, na mzee mwenyewe ana dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ufahamu) hawezi kusema tumbo linaniuma wala hawezi kusema sitaki. Yani dawa inayoingia kwenye ubongo wa mtu asiyeweza kujitetea inategemea hali ya mtu aliyechoka. Mi naona hakuna oda nyingine kwenye hizi nyumba inayohitaji kuangaliwa kwa karibu kama hii.

Serikali ya shirikisho ililiona hili. Sheria mama ya nyumba za wazee ni ya 1987, ile iliyokuja na bajeti ya OBRA, ndo iliyosema mzee asifungwe kwa kamba wala kwa dawa kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi. CMS, wale wanaosimamia Medicare na Medicaid, zile bima za afya za serikali, wakatoa kanuni mpya 2016, na sehemu ya PRN ikaanza kufanya kazi tarehe 28 Novemba 2017. Iko kwenye kanuni za shirikisho, 42 CFR 483.45. Inasema hivi kwa maneno yangu: oda ya PRN ya dawa yoyote ya akili mwisho siku 14. Na lazima iwe inatibu tatizo maalum lililoandikwa kwenye chati, sio "anasumbua".

Baada ya hapo kuna njia mbili na watu wengi wanazichanganya. Kama ni lorazepamu, trazodoni, dawa ya usingizi na kadhalika, dokta au NP (nesi mwenye mamlaka ya kuandika dawa) anaweza kuongeza zaidi ya siku 14 ila aandike sababu kwenye chati na aandike pia ni ya muda gani, hawezi kuacha wazi. Kama ni antisaikotiki, dawa za magonjwa mazito ya akili (Haldol, Seroquel, Zyprexa, Risperdal) hapo ni kali zaidi, siku 14 zikiisha haiongezwi mpaka anayeandika dawa aje amwone mzee mwenyewe, amchunguze. Mwongozo wa CMS umeweka wazi kabisa kwamba nesi kupiga simu na kutoa ripoti haihesabiki kuwa ni uchunguzi. Na akishamwona anatakiwa aandike je bado anaihitaji kwa mtindo wa PRN, faida yake ni ipi, na hiyo dawa imemsaidia au haijamsaidia. Na ikiongezwa, ni siku 14 nyingine, halafu tena anakuja kumwona.

Kwa nini antisaikotiki wametengwa, kwa sababu FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2005 waliweka lile onyo lao kali la kisanduku cheusi kwa hizi dawa mpya, na 2008 wakaliongeza kwa zile za zamani kama Haldol. Walikusanya majaribio 17 ya wazee wenye dimenshia, waliopewa dawa walikufa kama asilimia 4.5 ndani ya wiki kama kumi, waliopewa kidonge bandia asilimia 2.6. Vifo vingi vilikuwa vya moyo au maambukizi kama nimonia. Sasa fikiria unampa mtu hiyo dawa kwa sababu anaita jina la mumewe usiku.

Ninachokiona, na hiki ndo kimenifanya niandike, ni kwamba sehemu nyingi siku ya 14 imekuwa ni kazi ya kompyuta. Mfumo unawaka nyekundu, oda imeisha, mtu anapiga simu kwa on-call (dokta wa zamu), on-call anasema ongeza, inaingizwa upya kama oda mpya, siku zinaanza kuhesabiwa moja. Chati iko safi. Mzee hajaguswa na mtu. Lengo lote la zile siku 14 ni binadamu mwenye mamlaka ya kuandika dawa asimame mbele ya yule mzee amtazame, amshike mkono aone kama umekakamaa, amwulize CNA siku zake zikoje. Hilo likiondoka hakuna usimamizi hapo hata kama saini zote zipo.

Karibuni tuchangie, hasa wenye uzoefu wa sevei, ule ukaguzi wa serikali.

CNA_mkongwe

Dada umeandika vizuri na nakubaliana na mengi lakini ngoja nikwambie upande wetu. Mi niko floo ya dimenshia. Jioni tuko wawili kwa wazee zaidi ya ishirini, mmoja akienda mapumziko nabaki peke yangu. Kuna mzee mwanaume mwenye nguvu, akianza anapiga wenzake, ameshamkwaruza bibi mmoja usoni damu ikatoka. Nesi akisema hakuna PRN oda imeisha, mi nafanyaje? Wanaotunga hizi kanuni wangekuja wakae shifti moja tu ya saa tisa mchana hadi saa tano usiku ndo wangeelewa. Saa zingine ile dawa ndo inamlinda yule bibi pia.

mzamu_usiku

Kaka hapo umegusa penyewe na sitaki mtu aelewe kwamba nasema dawa ni haramu. Mzee akiwa hatari kwake au kwa wenzake dokta anaweza kutoa oda ya dharura na kanuni haikatazi, hata zile siku 14 zenyewe ni ruhusa, sio katazo. Na yule bibi aliyekwaruzwa ana haki ya kulindwa vilevile, nyumba isipomlinda inaandikiwa kosa pia.

Ila angalia ulivyoeleza. Umesema jioni, umesema mko wawili. Sasa chukua MAR (rikodi ya kila dozi iliyotolewa) ya huyo mzee uangalie PRN zake zote zimetolewa saa ngapi. Nakuhakikishia kwenye wazee wengi wa namna hiyo utakuta zimejipanga, saa kumi, saa kumi na nusu, saa kumi na moja, siku zile zile ambazo watu wamepungua. Hiyo ndo taarifa ya maana kuliko zote na hakuna anayeitazama kwa sababu kila nesi anaona dozi yake mwenyewe tu. Kinachotokea saa kumi ni nini? Shifti zimetoka kubadilishana, kelele, milango inafunguliwa, watu wanavaa makoti anaona wanaondoka naye anataka kuondoka. Au hajapelekwa chooni tangu saa sita. Au dawa yake ya maumivu ya asubuhi imeshaisha nguvu. Mwanaume ambaye kibofu kimejaa na mkojo hautoki kwa sababu ya tezi dume atapiga mtu yeyote anayemsogelea, na kwenye oda inaandikwa fadhaa.

Kuhusu idadi ya watu niko na wewe kabisa. 2024 CMS walitoa kanuni ya kiwango cha chini, saa 3.48 za huduma kwa mkazi kwa siku, wenye nyumba wakaenda mahakamani na 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaitupa sehemu kubwa ya ile kanuni. Kwa hiyo tumebaki na usimamizi wa dawa bila usimamizi wa mikono ya kutosha, na hilo ni kosa kubwa, nalisema waziwazi. Lakini mzee asilipe pengo la wafanyakazi kwa ubongo wake. Ikiwa PRN inaongezeka kila wikendi, hiyo chati inapaswa kupelekwa kwa mkurugenzi wa manesi kama ushahidi kwamba wikendi watu hawatoshi.

binti_mkwe

Samahanini mi sio wa fani. Mama mkwe wangu yuko kwenye nyumba ya wazee, alitoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Kabla ya hapo alikuwa anasahausahau lakini anaongea, anaimba, anatukumbuka. Sasa tukienda analala tu, kichwa kimeinama, mate yanatoka, ukimwamsha anasema neno moja anarudi. Tukiuliza tunaambiwa ni ugonjwa unaendelea. Nimesoma huu uzi nikashtuka, nitajuaje kama anapewa hizi dawa?

mzamu_usiku

Pole sana dada yangu. Siwezi kusema ni nini kinamsumbua bila kumwona, inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa mshtuko wa ubongo, na kulala kwa ghafla namna hiyo ni jambo la kuomba achunguzwe leo, sio kesho. Ila ulichoeleza, alitoka hospitali, akabadilika, ndo njia ambayo hizi oda huingilia mara nyingi. Mzee akifanyiwa upasuaji wa nyonga anachanganyikiwa, ile wanaita deliriamu, usiku anang'oa drip, wanamwandikia Haldol au Seroquel ya PRN. Deliriamu inapungua baada ya siku kadhaa au wiki, lakini oda inasafiri naye kwenye karatasi za kutoka hospitali, nesi wa kupokea anaingiza kila kilichoandikwa, hakuna aliyeuliza kwamba sababu yenyewe bado ipo.

Cha kufanya. Mumeo kama ndiye mwakilishi wake kisheria aombe kuona rikodi zake. Kanuni inampa haki ya kuziona ndani ya saa 24 toka aombe, ukiacha wikendi na sikukuu, na kupewa nakala ndani ya siku mbili za kazi akilipia nakala. Aombe MAR, sio orodha ya dawa tu. Orodha inaonyesha kilichoagizwa, MAR inaonyesha kilichotolewa, saa ngapi, na nani, na kwa sababu gani. Halafu ombeni kikao cha mpango wa huduma, muulize kila dawa ya akili inatibu nini, ilianza lini, inaisha lini, na kabla ya kila dozi walijaribu nini kingine.

Na mna haki ya kukataa. Mwongozo mpya wa CMS ulioanza kutumika Aprili 28, 2025 umelisisitiza hili, mkazi au mwakilishi wake aambiwe faida na madhara na njia nyingine zilizopo kabla dawa haijaanza au kuongezwa, na anaweza kusema hapana. Msiizuie dawa ghafla wenyewe lakini, kama amekuwa akipewa lorazepamu kila siku kukata ghafla kunaweza kumletea degedege, dokta ndo apange namna ya kupunguza.

Wakiwazungusha kila jimbo lina ombudsman wa wazee, yuko kwa mujibu wa sheria, ni bure, na anasema kwa niaba ya mkazi sio nyumba. Namba yake lazima iwe imebandikwa ukutani pale.

binti_mkwe

Asante sana dada Mungu akubariki, mume wangu anapiga simu sasa hivi.

famasi_duara

Wadau mi ni mfamasia mshauri, nazungukia nyumba kadhaa. Nimefurahi kuona hili linajadiliwa na manesi wenyewe maana sisi tunafika mara moja kwa mwezi tu. Kanuni inataka mfamasia apitie dawa za kila mkazi angalau mara moja kwa mwezi pamoja na chati, na akiona kasoro aandike kwa dokta, kwa mkurugenzi wa tiba na kwa mkurugenzi wa manesi, na dokta lazima aandike ameiona na amefanya nini, akikataa atoe sababu.

Shida ni hesabu. Oda ya siku 14 inaweza kuanza na kuisha katikati ya ziara zangu mbili nisijue kama iliwahi kuwepo, au ikaongezwa kwa simu na mimi nikaikuta imeshaongezwa mara mbili. Ukiitegemea ziara ya mfamasia kuwa ndo breki umechelewa. Ziara ya dokta nayo hivyo hivyo, kanuni inamtaka kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, baada ya hapo kila siku 60. Sasa antisaikotiki ya PRN inataka mtu aje kila siku 14. Pale ambapo NP hapiti kila wiki, hiyo oda haiwezi kutekelezwa kihalali, na mi huwa nawaambia wazi: kama hamna mtu wa kumwona mzee ndani ya wiki mbili msiiandike kabisa.

Jambo jingine ninalolikuta ni ujanja wa kuibadilisha PRN kuwa ya kila siku. Siku 14 zinasumbua, basi wanamwandikia ya asubuhi na jioni, tatizo la tarehe limekwisha. Mzee aliyekuwa anapata vidonge viwili kwa wiki sasa anapata kumi na nne.

mzamu_usiku

Hilo la mwisho wakuu lisomeni mara mbili. Na ni ujanja usiosaidia hata nyumba yenyewe, kwa sababu dawa ya kila siku ina masharti yake ya kupunguza dozi polepole. Mwaka wa kwanza wajaribu kupunguza katika robo mbili tofauti na kuwe na angalau mwezi mmoja kati ya majaribio, baada ya hapo kila mwaka, isipokuwa dokta aandike kwa nini kwa mzee huyu haifai. Wanaikimbia kazi ya wiki mbili wanajitwika ya mwaka mzima, na katikati mzee anaanguka anavunjika.

shifti_mbili

Mi niulize kuhusu hospisi, ile huduma ya wagonjwa wa mwisho wa maisha, maana hapo ndo tunagombana kila siku. Mgonjwa anakufa, ana lile boksi la dawa za faraja, lorazepamu na Haldol na mofini, halafu mkurugenzi wangu anasema toa tarehe ya kikomo siku 14. Hospisi wanasema wao hawahusiki na hiyo kanuni. Mtu amebakiza wiki tatu, tumuache ahangaike kwa sababu ya tarehe?

mzamu_usiku

Hapana asiachwe ahangaike, na hakuna kanuni inayotaka hivyo. Ila mkurugenzi wako yuko sahihi na hospisi wamekosea, mkazi akiwa ndani ya nyumba ya wazee kanuni za nyumba zinamfuata hata akiwa hospisi, hakuna msamaha wa PRN kwa hospisi.

Tenganisha dawa. Mofini sio dawa ya akili, haina hizi siku 14. Lorazepamu inaweza kuongezwa kwa muda mrefu, anayeandika anasema mgonjwa ni wa mwisho wa maisha, ana wasiwasi unaoendana na kukosa pumzi, oda hii ni ya siku 60 au 90 au atakavyoona, mwisho tarehe fulani. Sentensi mbili tu kwenye chati na umemaliza, na inaweza kuandikwa siku ile ile ya kwanza ikiwa sababu ipo, hakuna haja ya kungoja siku ya 14. Haldol ndo ngumu, hiyo lazima aje mtu mwenye uwezo wa kuandika dawa amwone kila siku 14. Nesi wa hospisi anayekuja kila wiki ni RN, kumwona kwake peke yake hakutoshi kama hana mamlaka ya kuandika dawa. Kwa hiyo mwambieni hospisi mapema kabisa, siku anaposajiliwa, NP wenu atapita lini. Wengi wakiulizwa siku ya kwanza wanapanga, wakiulizwa siku ya 13 wanagombana.

CNA_mkongwe

Nimerudi. Nimecheki na nesi wangu leo, tumefungua MAR ya yule mzee niliyemsema. Dada ulisema kweli, karibu zote ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Nesi mwenyewe alishangaa. Sasa mi kama CNA kalamu yangu ina uzito gani kwenye hili, maana dawa sitoi?

mzamu_usiku

Una uzito kuliko unavyodhani kaka, maana wewe ndo unamjua. Dokta anamwona dakika tano, nesi anamwona wakati wa dawa, wewe unamwogesha, unamlisha, unajua mkono upi akiguswa anashtuka. Hayo yaandike kwa jinsi yalivyo. Usiandike "mkali" au "msumbufu". Andika alisimama mlangoni anavuta kitasa anasema watoto wametoka shule, alikwenda chooni mara ya mwisho saa sita, nilipompa kiti karibu na dirisha na juisi akakaa dakika ishirini. Ukiandika hivyo nesi ana kitu cha kujaribu kabla ya kidonge, na dokta akija siku ya 14 ana kitu cha kusoma. Ukiandika "mkali" kitu pekee wanachoweza kufanya ni kuongeza dawa.

Na kuna kitu kimoja nakiomba kwa ma-CNA wote muwe macho nacho. Haldol na wenzake wanaweza kumfanya mtu ashindwe kutulia, miguu inatembea yenyewe, anakaa anainuka, anakaa anainuka, ndani anawaka. Kitaalamu ni akathisia. Kwa macho inafanana kabisa na fadhaa. Kuna bibi mmoja sehemu niliyofanya kazi zamani alikuja na Haldol ya PRN kutoka hospitali, akawa anatembea korido usiku kucha hakai, kila nesi anaandika anahangaika anaongeza dozi, na kadri anavyopewa ndo anavyotembea. NP mmoja alipokuja akasimama naye pale korido, akamwangalia miguu, akashika viwiko, akaizima ile dawa. Bibi alianza kulala. Hakuna simu yoyote ingeweza kuliona lile, lazima uwe pale. Kwa wenye dimenshia ya Lewy ni hatari zaidi, Haldol inaweza kuwakakamaza vibaya sana hata kuua, hao wawekewe alama kwenye chati mapema.

famasi_duara

Naongezea hapo, lorazepamu nayo kwa baadhi ya wazee inafanya kinyume, badala ya kutulia anachachamaa. Orodha ya Beers ya wataalamu wa wazee Marekani, iliyosasishwa 2023, inashauri kuziepuka benzo (kundi la lorazepamu) kwa wazee kwa ujumla, zinaleta kuchanganyikiwa, kuanguka, kuvunjika. Kwa hiyo kwenye MAR angalieni ile sehemu ya matokeo baada ya dozi. Nakuta wameandika "imesaidia" mara zote, halafu nusu saa baadaye noti ya nesi mwingine inasema mzee ameanguka.

Na kuna kuhama dawa. Antisaikotiki zinahesabiwa na kutangazwa kwa kila nyumba kwenye tovuti ya CMS ya Care Compare, kwa hiyo kuna shinikizo la kuzipunguza, na kweli zimepungua tangu kampeni ya CMS ya 2012. Lakini ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ilitoa ripoti 2022 ikaonyesha dawa za kifafa zikipanda huku antisaikotiki zikishuka, na dawa za akili kwa ujumla wake ziliandikwa kwa kama asilimia 80 ya wakazi wa muda mrefu kati ya 2011 na 2019. Yani mzee anatulizwa bado, kwa chupa nyingine. Mwongozo wa CMS unasema dawa ya kifafa au ya mzio kama Benadryl ikitumika mahali pa dawa ya akili itahesabiwa kama dawa ya akili.

Halafu kuna nyumba zinazoandika skizofrenia (ugonjwa mzito wa akili) kwa mtu wa miaka 85 ambaye hajawahi kuwa nayo, kwa sababu wenye skizofrenia hawahesabiwi kwenye ile takwimu ya antisaikotiki. CMS walianza kukagua hilo 2023 na nyumba inayokutwa inapunguziwa nyota zake za ubora. Mkazi naye anabaki na jina la ugonjwa asio nao kwenye kila karatasi hadi anakufa.

mzamu_usiku

Hilo linauma sana. Familia mnaosoma hapa, angalieni orodha ya magonjwa pia, sio dawa tu. Mkiona skizofrenia na hamkuwahi kuisikia ulizeni nani aliyeipima, lini, kwa vigezo gani.

meneja_mpya

Naomba ushauri wa vitendo. Nimepandishwa kuwa meneja wa uniti juzi tu, sevei yetu iko karibu, na nikifungua mfumo nina oda za PRN za akili zisizo na tarehe kabisa na nyingine zimeisha bado ziko kwenye MAR. Naanzia wapi?

mzamu_usiku

Hongera na pole kwa wakati mmoja. Usianze na sevei, anza na wazee, sevei itajipa.

Chapa orodha ya PRN zote za akili kwenye uniti yako, ongeza na Benadryl, haidroksizini, dawa za kifafa kwa wasio na kifafa. Pembeni ya kila moja andika imetolewa mara ngapi kwa mwezi huu. Utakuta nyingi hazijatolewa hata mara moja, zimekaa tu kama za akiba, hizo mwombe dokta azifute zote leo, ni simu moja na hakuna anayeumia. Zinazobaki zitakuwa chache na hapo ndo uweke nguvu. Antisaikotiki kwanza, mwite NP aje awaone hao watu ana kwa ana, usikubali ya simu hata akikusihi. Kila mmoja awe na utambuzi ulioandikwa na dalili unayoweza kuiona kwa macho, kitu kilichojaribiwa kabla ya kidonge, na matokeo baada ya saa moja, yakiwemo mabaya.

Kwa zinazokuja mbele, mfumo wako ufanye tarehe ya kikomo iwe lazima, oda isiingie bila hiyo. Mzee akitoka hospitali nesi wa kupokea asinakili PRN ya akili hadi ampigie anayeandika dawa amwulize deliriamu bado ipo au la. Na usisubiri siku ya 14. Panga mtu amwone mzee siku ya 10 au 11, ikiangukia wikendi irudishe Ijumaa, kwa sababu siku ya 14 ikiwa Jumapili usiku na on-call hamjui huyo mzee utaishia kwenye ile simu ya "ongeza". Ukifika siku ya 10 na dozi haijatolewa hata moja, usiiongeze, iache iishe.

meneja_mpya

Nimechapa orodha. Mbili tu kati ya zote ndo zimetumika mwezi huu. NP anakuja Jumatano asubuhi.